Kilo za Neema

Jumanne, Tengeru

Masweta mawili, soksi za sufu na kofia. Ndivyo nilivyomvalisha mjukuu wangu Neema leo kwenda kliniki, na wala hakukuwa na baridi. Nilitaka mizani idanganye kidogo.

Nesi alicheka. "Shikamoo babu. Haya, mvue yote."

Mizani ikasema kweli: hajaongezeka hata kidogo. Madaktari wageni wa moyo wanakuja mwezi ujao, na mtoto mwembamba hivi hawampasui. "Mtamleta safari nyingine, akishanenepa," akasema nesi, kwa upole kabisa.

Akishanenepa! Tundu la moyo ndilo linalokula kila kijiko cha mtori anachomeza. Hanenepi kwa sababu ya moyo, na moyo hauzibwi kwa sababu hanenepi. Aliyepanga hivi ana wajukuu kweli? Na wageni wakishaondoka, watarudi lini? Nimeuliza. Hakuna anayejua.

Njiani mimi na binti yangu, mama yake Neema, tukakutana na jirani yetu, Mama Elia. Akamtazama mtoto, akalitazama tumbo langu. "Babu Neema, kumbe mtori wa mtoto unaumaliza wewe!"

Nikacheka naye, maana tumbo lenyewe halina wakili. Lakini binti yangu hakucheka. Yeye ndiye anayepika huo mtori kila alfajiri.

Tulipofika nyumbani akayakunja yale masweta, akanikabidhi.

"Baba, usimvalishe tena hivi. Ulipokuwa unaongea na nesi, mtoto alikuwa anahema kwa joto."

Nina hasira na dunia nzima, na masweta bado nimeyapakata.