Kibuyu cha Uji na Bao la Dakika ya Themanini na Nane

Mshauri wetu mpendwa,

Naja kwako kuomba msaada kwa sababu watu wa hapa karibu wote wameshanishauri na kila ushauri umenizidishia mzigo, na tena wewe hunijui sura, kwa hiyo naweza kukuambia lile ambalo sijamwambia hata mke wangu. Mimi ni mkulima wa chai hapa Kibugu, mtu wa miaka hamsini na minane, mshiriki wa kanisa, sinywi pombe, sichezi kamari, na katika maisha yangu nina ugonjwa mmoja tu, nao ni timu yetu ya hapa nyumbani, Msitu FC, ambayo niliidakia mpira miaka kumi na moja nikiwa kijana, na tangu nilipostaafu mimi ndiye ninayechora mistari ya uwanja kwa jivu, na mke wangu Peninah ndiye anayefua jezi zote, na kwa miaka yote hiyo hatujawahi kushinda kitu chochote, hata yale mashindano ya kushindania mbuzi.

Mwaka huu tukafika fainali ya sikukuu ya Mashujaa, pale Manyatta, na wapinzani wetu walikuwa timu ya Siakago. Sikukuu ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi yake nilikuwa napokea wageni wa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari ya binti yangu wa kwanza, Igoki, ambaye ni muuguzi, na kijana anayetaka kumwoa anaitwa Njue, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Siakago, mtu mpole ambaye nikikuambia ukweli hajui hata kona ni nini. Peninah aliniuliza kama siku hizo mbili kufuatana hakutaleta matata nikamwambia hakuna matata, kwa sababu moyoni nilijua tutashinda, nilijua kabisa, na Alhamisi nikaondoa redio iliyokaa juu ya kabati la sebuleni miaka ishirini, nikapanguza vumbi, nikaacha nafasi ya kombe, ili wageni wa Siakago wakiingia kwangu wakute kombe limekaa mbele yao, na mimi nimekaa chini yake.

Tulifungwa bao moja bila, dakika ya themanini na nane. Mpira ulipigwa kutoka mbali, mpira mwepesi ambao hata mimi kwa haya magoti yangu ningeudaka, ukampita mikononi kipa wetu Ndambiri, mtu mzima mwenye watoto wawili, ukaingia polepole kama mwenye nyumba. Nilikaa kwenye nyasi nikalia mbele za watu, na nilipoinuka nilimwendea Ndambiri nikamwambia neno ambalo hata wewe usingelichapisha.

Kesho yake wageni walifika. Wewe unajua desturi yetu, lakini nieleze kwa ajili ya wasomaji wa mbali, kwamba sisi tuliookoka tumeacha pombe tukabaki na uji, na mazungumzo yakiisha vizuri binti humimina uji ule walioleta wageni, huonja yeye, kisha humpa baba yake, na baba akinywa amekubali, na asipokunywa hakuna ndoa, hata kama mbuzi wamejaa uani. Mazungumzo yalikwenda vizuri sana, sikuwa na lalamiko lolote, ila nilikuwa nimekaa nikitazamana na ile nafasi tupu juu ya kabati kutoka asubuhi. Igoki akamimina uji wa mwele, akaonja, akanipa kibuyu kwa mikono miwili, na hapo ndipo mjomba wa Njue, mzee mmoja mcheshi anaitwa Mbogo, akasimama akasema, "Wazee wa Kibugu, jana tulipanda huku tukabeba kombe. Leo tumerudi kubeba msichana. Naona kweli huku hakuna kipa."

Watu walicheka, Mshauri, ndugu zangu walicheka, Peninah alicheka, hata Ndambiri alicheka, ambaye alikuwa amekuja tangu alfajiri kusimamisha hema na kubeba viti bila kuitwa na mtu. Nami nikaweka kibuyu juu ya meza nikasema, "Uji huu sitaunywa," nikatoka nikaingia shambani, nikasimama katikati ya michai mpaka niliposikia magari yao yakiteremka.

Sasa ni wiki ya tatu. Ndugu zangu wamenipongeza, wanasema nimewafundisha watu wa tambarare, yaani wa Siakago, kwamba binti aliyesoma haokotwi njiani, wanadhani nilikataa kwa sababu ya mahari, na mimi sijawasahihisha, na juzi kwenye kituo cha kupimia majani chai mtu alinishika mkono akaniita mwanamume. Huko Siakago nasikia wanasema sisi wa juu tunawadharau kwa sababu kwao ni kukavu. Njue amenipigia simu mara mbili sikushika, kisha akaniandikia ujumbe, "Mzee, tafadhali tuambie ni wapi tulikosea tujirekebishe," na huo ujumbe nimeusoma mara nyingi kuliko Zaburi. Peninah naye gunia la jezi za fainali ameliacha mlangoni, zina matope vilevile, kila nikitoka naliruka. Na Igoki alikuja nyumbani mara moja tu, akasimama jikoni, akaniambia, "Baba, uji ule nilimimina mimi. Hukukataa uji wa Siakago. Ulikataa mkono wangu." Akarudi kazini bila kunywa hata chai.

Mzee wetu wa kanisa, ambaye aliniona nikilia Manyatta, ananiambia mpira ni mchezo tu, niuache, niombe. Ndugu zangu wanasema nisiteremke Siakago kamwe, kwamba baba wa msichana hashuki, anangoja, watarudi wenyewe wakiwa na nyongeza. Nami naogopa kushuka kwa sababu wakiniuliza kwa nini, nitasema nini, kwamba nilivunja ndoa ya mtoto wangu kwa sababu ya bao? Nisaidie.

Kipa wa Zamani,
Kibugu


MSHAURI ANAJIBU

Kipa wa Zamani,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitaka kuichana. Nitakujibu nikiwa na vyote viwili, maana vyote unastahili.

Kwanza nimalizane na huyo mzee wa kanisa. Mtu anayemwambia mwenzake aliyefungwa kwamba mpira ni mchezo tu hajui mpira na hajui watu. Ningependa kumwona siku ya kuhesabu kura, mgombea wake ambaye hata hawajuani anaposhindwa, kama hatakosa hamu ya kula. Miaka elfu moja na mia tano iliyopita, katika mji wa Konstantinopoli, mashabiki wa mbio za magari ya farasi, wenye rangi ya kijani na wenye rangi ya buluu, walifanya ghasia zilizoteketeza sehemu kubwa ya mji na kuua maelfu. Tangu siku hizo binadamu amebadilisha jezi, moyo ni uleule. Mwanamume wa kwetu huzika wazazi wake bila kutoa chozi, akiambiwa ajikaze, kisha hupewa mahali pamoja tu pa kulilia, nje ya mstari wa jivu. Ulilia Manyatta. Vizuri. Sitakuomba uache timu, na yeyote anayekuomba hivyo mwambie aje azungumze nami.

Sasa geuka unitazame.

Kosa lako halikuanza na Mbogo. Lilianza Alhamisi, ulipoondoa redio juu ya kabati. Kuitumainia timu ni haki ya kila shabiki, hata timu isiyowahi kushinda mbuzi. Lakini wewe ulipita matumaini. Ulikuwa umeshapanga ushindi ambao haujachezwa, ukampangia kila mtu mahali pake: kombe juu, wewe chini yake, wageni mbele yako wakiwa wadogo. Na ruracio ya binti yako ukaifanya sherehe ya kombe lako. Timu ilipofungwa, hukupoteza mechi peke yake, ulipoteza kiti ulichokuwa umejitengenezea mbele ya watu wa Siakago. Mashabiki wengi ni hivyo. Tunasema tunaumia kwa ajili ya timu, kumbe tunaumia kwa ajili ya picha yetu wenyewe tuliyoitundika kwa misumari ya watu wengine.

Mbogo alitania. Utani ni nusu ya kazi ya mjomba siku kama hiyo, na nikuambie ukweli, ulikuwa utani mzuri. Ungemjibu kwamba kipa yupo ila amechoka kudaka maneno, watu wangecheka tena, ungekunywa uji wako, na leo ungekuwa unauliza bei ya hema la harusi. Lakini nafikiri kuna kitu kingine, na kama nakosea nisamehe. Ulidaka miaka kumi na moja. Mtu anasimama mbele yako anasema huku hakuna kipa, na palepale anayekupa kibuyu ni mtoto wako wa kwanza anayeondoka. Nadhani hilo ndilo lililokupita mikononi. Bao la Ndambiri ulikuwa umeshalilia Ijumaa. La Jumamosi hukujua namna ya kulililia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuonyesha, na hakuna nyasi za kukalia sebuleni.

Hayo ni maelezo. Si msamaha.

Maana mtazame Ndambiri. Yule ndiye aliyefungwa. Jina lake ndilo lililotajwa njia nzima kutoka Manyatta, na tusi lako ndilo lililomsindikiza. Kesho yake aliamka akaja kwako kubeba viti, na utani ulipotolewa, utani uliomhusu yeye kuliko mtu yeyote, akacheka pamoja na wengine. Huyo amebeba aibu yake na viti vyako kwa pamoja. Wewe uliyekuwa umesimama nje ya uwanja ukashindwa kubeba kibuyu kimoja. Unamwita kipa mbovu?

Na lililonikasirisha kuliko yote si uji. Ni ule mkono ulioshikwa pale kwenye kituo cha majani, ukakubali kuitwa mwanamume. Hasira ya dakika moja naielewa, kila mtu ana dakika yake. Lakini umekaa wiki tatu ukiacha ndugu zako waamini kwamba ulikuwa unatetea thamani ya Igoki, na huku Siakago nzima ikiamini umewadharau kwa ukavu wa ardhi yao. Sisi wa mlimani na wao wa chini tuna maneno ya kutosha ya kusemana, hatukuhitaji nyongeza yako. Umekuta uongo unaokupendeza ukaingia ndani ukafunga mlango, na nje ya mlango huo amesimama kijana mpole anauliza alikosea wapi. Hakukosea popote, na wewe ndiye mtu pekee duniani unayelijua hilo.

Umeniuliza ushuke au ungoje. Ndugu zako hawakosei kuhusu desturi, wanakosea kuhusu mgeni. Mgeni aliyefukuzwa kwa neno hawezi kurudi kugonga mpaka neno hilo liondolewe na aliyelisema. Utashuka. Lakini usianzie Siakago.

Anza na Igoki. Nenda hospitalini kwake, saa yake ya mapumziko, umwambie kwa mdomo wako kwamba ilikuwa ni kwa sababu ya mpira. Usipambe. Kisha muulize kama bado anamtaka Njue, na kama anataka wewe uende. Akisema hapana, utarudi nyumbani na hilo, na utalibeba, kwa sababu hutaenda kuomba ndoa ambayo mwenyewe ameshaizika. Akisema ndiyo, mpigie Njue siku hiyohiyo, kabla hujaketi kula, umjibu swali lake.

Jioni yake waite ndugu zako, na Ndambiri awepo, na umwombe radhi mbele yao kwa lile neno la uwanjani. Waambie ukweli wa kibuyu. Watacheka. Waache wacheke mpaka watosheke. Ukiweza kucheka nao, utakuwa umepona nusu.

Halafu mteremke Siakago, wewe na Peninah na mzee mmoja wa ukoo anayejua utaratibu wa kurudisha neno, maana hilo mimi sikufundishi. Mwambie Mbogo kwamba timu yao ilistahili kombe. Lazima useme kwa sauti ya kusikika. Kisha omba uji wa mwele na unywe kibuyu chote, hata kama umechachuka kupita kiasi. Na kabla ya safari, hilo gunia lililo mlangoni, usimngoje Peninah. Chota maji ufue mwenyewe, jezi moja moja, mpaka ile ya kipa. Redio nayo irudi juu ya kabati.

Umesema unaogopa watakuuliza kwa nini. Ulikaa langoni miaka kumi na moja, unajua mambo ambayo mashabiki wa pembeni hawayajui. Mpira ukishaingia, hakuna anayeshuka kuutoa isipokuwa kipa. Anageuka, uwanja wote ukimtazama, anainama wavuni, anauokota kwa mikono ileile iliyoukosa, na anaurusha katikati ili wengine waendelee kucheza.

Geuka, mzee. Inama.