Kura ya Bwana Arthur

Tata mpendwa,

Shikamoo, baba yangu. Naandika nikiamini kikohozi kimepungua, na kwamba dawa unaimeza badala ya kuipanga dirishani. Mama je, goti linamwendeaje? Na kahawa imeanza kuiva, au mvua zimeichelewesha? Mimi huku ni mzima. Baridi imelegea, nimeacha kuvaa soksi mbili mbili.

Najua unashangaa kuletewa barua wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Lakini simu ile mnaishika watu kumi, na muda mwingi unaishia kunionyesha ndama. Jambo hili nataka ulisome peke yako.

Kazi yangu unaijua, kuwahudumia wazee majumbani kwao. Mmoja wao ni Bwana Arthur, mzee wa miaka themanini na mitatu. Huku mzee huitwa kwa jina tupu hata na mtoto. Ulimi wangu umekataa, namwita Bwana Arthur, naye hucheka. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo ambacho kilifungwa zamani. Mkewe alifariki, na binti yake wa pekee yuko Australia. Kila asubuhi namwogesha, namvalisha, namkorogea uji wa shayiri, tunaongea kidogo, naondoka.

Mwezi uliopita palikuwa na uchaguzi wa madiwani. Sheria ya hapa inamruhusu mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola, kama sisi, kupiga kura akiwa na kibali halali cha kuishi. Wengi hawalijui hilo, hata wenyeji. Mimi nilijiandikisha mwaka juzi.

Dirishani kwake Bwana Arthur alibandika picha ya mgombea mmoja. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalikuwa kwamba wageni wamejaa, sasa warudi kwao. Kila nilipofungua pazia nilikutana na uso wa yule mtu. Asubuhi moja nikashindwa kunyamaza.

"Bwana Arthur, huyu akipata anachotaka, nani atakuja kukuogesha?"

"Hakusemi wewe," akajibu. "Wewe unafanya kazi."

Nikaendelea kumvalisha. Diwani hawezi kumfukuza mtu, Tata, kazi yake ni taka na barabara. Lakini maneno kama yale huanzia chini, yakapanda. Sasa hivi inasemekana miaka ya kungoja ukaazi wa kudumu itaongezwa, na sisi watunza wazee tunatajwa kila siku kwenye redio kana kwamba hatusikii.

Siku tatu kabla ya kura nilimkuta sakafuni bafuni. Alikuwa ameteleza. Namshukuru Mungu mfupa haukuvunjika, ila daktari alimkataza kushuka kitandani. Nesi alipokuja kumtazama alimkuta analia, akadhani ni maumivu.

"Sijakosa kura hata moja tangu nilipofikisha miaka ishirini na moja," akamwambia.

Nesi akamweleza kwamba mtu aliyepatwa na dharura anaweza kumtuma mwingine akampigie kura, mradi huyo anayetumwa naye awe na haki ya kupiga. Bwana Arthur akataja majirani wake wa zamani. Mmoja amehama, wawili wamekufa. Kisha akanigeukia.

"Wewe una kura?"

"Ninayo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojiandikisha."

Akajivuta kidogo kitandani. "Basi nipigie."

"Unajua unamtuma nani, na kumchagua nani?"

"Namtuma mtu anayeniosha mgongo," akasema. "Wengine sina."

Nilimpigia simu msimamizi wangu. Akaniambia hakuna katazo, na nikikataa hakuna atakayenilaumu. Tata, nilitamani anikataze. Nikarudi chumbani nikakubali. Nesi akatia sahihi fomu.

Siku yenyewe nilikwenda kwenye ukumbi wa shule karibu na kwake, ambako nami ndiko ninakopigia. Nilionyesha pasipoti yangu ya Tanzania. Karani akaitazama, akatazama orodha, akanipa karatasi mbili: yangu, na ya Bwana Arthur. Kwenye kibanda cha kupigia kura kuna penseli iliyofungwa kwa uzi. Yangu niliimaliza upesi, nikamchagua mpinzani wa yule wa dirishani.

Ya pili ikanishinda. Hakuna ambaye angejua. Kura ni siri, na siri ile ilikuwa yangu peke yangu. Niliwaza kibali changu, nikawaza ada za mdogo wangu, nikawaza ule uso wa dirishani. Nilipeleka penseli kwa mpinzani, nikairudisha. Nikasema moyoni, kama nikimwibia mtu asiyeweza hata kuinuka, kesho nitamshikaje mkono kumkalisha? Nilisimama mpaka mama mmoja nyuma yangu akakohoa. Nikaweka alama kwa mtu anayetaka niondoke. Kura mbili zikauana, nikazitumbukiza zote.

Rafiki yangu wa kazini, Mghana, nilipomsimulia hakunisemesha siku mbili.

Mgombea wa Bwana Arthur alishinda, tena kwa kura nyingi. Hata ningemwibia, nisingebadili kitu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshasikia, lakini hakuwa na furaha niliyoitarajia.

"Uliweka pale nilipokutuma?"

"Niliweka."

Akasema, "Mimi nisingeweka. Ungenituma mimi, ningechagua wangu, halafu nikakwambia nimechagua wako."

Kisha akaomba chai.

Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu, Tata. Alisema ukweli wake waziwazi, nami wangu nimeuficha miaka kumi na mbili.

Unaukumbuka ule mkutano wa kitongoji, waliposema Mama Spesiosa na watoto wake wahame kwa kuwa wazazi wake walitoka Burundi? Mwanamke aliyezaliwa hapo hapo Ihanda, aliyepalilia kibanja chetu cha migomba tangu sijaanza shule. Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono. Wewe ulikaa mikono magotini. Mimi nilikuwa nyuma, na wasichana wenzangu. Wenzangu hao wote waliinua mikono, nami nikainua. Sikumchukia hata kidogo. Niliogopa kubaki peke yangu nimeshusha mkono. Yeye alikaa mbele, ametupa mgongo, asione nani kainua. Hoja haikupita, na wiki iliyofuata alikuja kutusaidia kuvuna maharage. Nikampakulia ndizi za bitoke, akanishukuru, akaniita mwanangu.

Huku nesi na msimamizi wangu wananiambia mimi ni mwaminifu kwa sababu ya karatasi moja ya kura. Nikisikia hivyo naona aibu.

Nakuomba uende kwake, Tata. Usitume mtu. Mwambie Konsolata aliinua mkono siku ile. Usinitetee kwamba nilikuwa msichana, maana nilikuwa na miaka ishirini, nilijua. Wala usimwombe anisamehe, nisije nikamtwisha na hilo. Mwambie tu, kisha ukae umsikilize, na atakalosema uniandikie vilevile alivyolisema, hata likiwa chungu.

Msalimie sana Mama, mwambie nguo aliyonishonea naivaa kanisani. Kaka Deo apunguze mwendo wa bodaboda anapokwenda Murongo. Shangazi wa Songambele mwambie picha za arusi nimezipata na nimezitazama hadi nimelia. Na Babu, umsomee salamu tu, haya mengine yabaki kwako.

Mungu awatunze hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Konsolata