Filta ya Blanketi

Jumapili, mwezi wa Juni, saa kumi na moja jioni. Baridi. Mlima haujaonekana tangu Jumatano, ukungu umeshuka mpaka migombani, na mimi nimechoka kama mtu aliyebeba gunia la kahawa kutoka Akheri mpaka mjini, akakuta soko limefungwa, akarudi nalo.

Siku tatu sijalala vizuri. Leo kanisani nilisinzia katikati ya mahubiri, mke wangu, Mama Naeli, akanifinya paja mpaka nikashtuka. Anadhani ni uchovu wa gereji. Ni uchovu wa gereji kweli, ila si ule anaoudhani.

Acha niandike yote. Nisipoandika nitaanza kujitetea, na mimi kwa kujitetea sijambo.

Kazi yangu ni fundi wa magari, mwaka wa tisa sasa katika gereji ile ile pale mjini. Kabla ya hapo nilikuwa keya, askari wa Mwingereza, nikitengeneza malori ya jeshi wakati wa vita kule Uhabeshi. Huko vipuri hakuna. Filta ya oili ikijaa uchafu, unaitazama, nayo inakutazama. Basi nikachukua blanketi la jeshi, nikalikata, nikalishona tabaka mbili, nikalivika ndani ya kopo la filta. Malori yakatembea! Afisa mmoja akanisifu mbele ya kikosi kizima. Siku ile kichwa kikavimba, na hakijanywea mpaka leo.

Hapa Arusha wanaziita filta za Eliakimu. Malori ya mashambani yanazo, matrekta yanazo. Zikichafuka nazifua kwa mafuta ya taa, naanika, zinarudi kazini. Vipuri vya kuagiza vinakaa njiani hata miezi miwili, kwa hiyo hata Harnam Singh, msimamizi wetu, ambaye hasifu mtu, huwa anasema kazi yangu ni nzuri.

Sasa Bwana Coles. Ana shamba la kahawa upande wa Tengeru, na ana gari dogo jekundu la mashindano, la kukimbia tu, halina hata nafasi ya kuweka mkungu wa ndizi. Mwezi ujao anataka kulipeleka Nairobi likashindane. Wiki mbili zilizopita alikuja na boksi kutoka Nairobi, ndani yake filta mpya ya karatasi. Ndiyo, karatasi! Imekunjwakunjwa kama marinda ya sketi ya binti wa shule. Akaiweka mezani kwangu, akasema vumbi la huku analijua, hivyo hana hakika. Akaniambia, "Eliakimu, wewe ndiye fundi. Chagua."

Mzungu kuniambia mimi nichague. Loo, nilijisikia.

Nikaichukua ile ya karatasi, nikaiinua kwenye mwanga, nikacheka mbele ya vijana wote wa gereji. Nikawauliza, nani anachuja kitu kwa karatasi? Ikilowa si inachanika? Wakacheka pamoja nami, watacheka nini kingine. Nikairudisha kwenye boksi. Nikashona ya kwangu, safari hii tabaka tatu badala ya mbili, kwa sababu gari ni la heshima.

Tabaka tatu. Naandika hapa ili niione aibu yangu vizuri.

Alhamisi asubuhi Bwana Coles alilijaribu. Nilikaa naye. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na oili ya baridi ni nzito kama uji uliolala. Tukapita Kimandolu vizuri, injini ikiimba. Tulipoanza kupanda kilima, akakanyaga mafuta, na mimi nikaiona geji ya oili ikishuka. Ikashuka mpaka chini kabisa. Nikafungua mdomo niseme simama, nikasita. Nilisita kwa sababu kusema simama ilikuwa ni kusema filta yangu mbaya. Nilihesabu mpaka labda kumi. Kisha injini ikaanza kugonga, nko, nko, nko, na Bwana Coles akasimama mwenyewe.

Ijumaa tukaifungua. Beringi zimeungua, nyeusi tii. Harnam akaniambia nitoe filta niikague. Nikaitoa nikiwa nimempa mgongo. Pale pale nikajua. Blanketi limelowa, limevimba, limebana kama mlango uliovimba kwa mvua. Injini ya lori inakwenda polepole, inanywa kidogo kidogo. Ile ya mbio inataka oili nyingi, tena upesi. Ukimchujia mtoto maziwa kwa blanketi, maziwa yatakuwa safi sana na mtoto atakufa njaa. Karatasi ile niliyoicheka ilikunjwa vile ili ipitishe nyingi. Mtu mwenye akili angejiuliza kabla ya kucheka.

Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wangu wa chakula. Nikageuka nikasema, "Filta haina neno, Bwana. Safi."

Basi. Maneno matano. Mimi mzee wa kanisa.

Harnam akainusa oili, akaisugua kati ya vidole, akauliza nani aliyeimimina. Ni Lazaro. Lazaro ni fundi mdogo wetu, Mwarusha wa Kijenge, ana miaka miwili kazini na mtoto mmoja mchanga. Mapipa yetu ya oili yamesimama pamoja, ile nzito ya malori na ile nyepesi, na mifuniko inafanana. Harnam akasema umemimina ya lori. Lazaro akasema hapana. Akaulizwa tena, una hakika? Akasema ana hakika. Akaulizwa mara ya tatu. Mimi nilikuwa nafuta spana iliyokuwa safi tayari.

Nilijua alimimina oili sawasawa. Nilimwona kwa macho yangu.

Jana sikwenda kazini, nilisema naumwa tumbo. Leo baada ya ibada nikapanda baiskeli. Nikamdanganya Mama Naeli kwamba nakwenda kumwona mgonjwa. Alinitazama, akasema tu, "Haya, msalimie." Njia ya mwongo ni fupi, ila kutoka Akheri mpaka Kijenge kwa baiskeli kwenye matope si fupi hata kidogo. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nimeshayapanga yakawa mazuri, na katika maneno hayo kosa lilikuwa la vita, la vipuri, la baridi, na la kwangu kidogo mwishoni.

Lazaro alinipokea mlangoni. "Shikamoo, fundi." Sijui kama kuna marahaba niliyowahi kuitoa kwa shida kama ile. Akanipa kigoda, mkewe Nashipai akaniletea maziwa kwenye kibuyu, mtoto amefungwa mgongoni. 

Kabla sijaanza, Lazaro akaanza yeye.

Akasema jana Harnam alimwita tena. Akamwambia injini haiungui bure. Filta Eliakimu ameikagua, ni safi, na Eliakimu hakosei. Kwa hiyo ni oili, na oili ni wewe. Lazaro akasema alikaa akafikiri, akakumbuka kwamba siku ile alikuwa na usingizi, mtoto alilia usiku kucha. Akaanza kuona kama kweli aliinama kwenye pipa lingine. Mwishoni akasema ndiyo, ni mimi. Akaambiwa Jumatatu aje achukue vitu vyake.

Kisha akanitazama, hana hasira hata chembe, akaniambia, "Fundi, nieleze. Nilikosea wapi? Maana nikipata kazi kwingine nisirudie."

Jamani.

Mtu anaomba nimfundishe kosa nililolifanya mimi. Yale maneno niliyopanga njiani yakapotea yote, ya vita, ya vipuri, ya baridi. Nikasema, "Hukukosea. Filta yangu ilibana. Nilijua Ijumaa, nikaificha. Nilikuona ukimimina, ulimimina sawasawa."

Nilingoja anipige. Haki ya Mungu ningekaa tu apige. Mimi ndiye mkubwa, yeye ni mdogo, lakini angekuwa na haki.

Hakunipiga. Aliweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaiangalia kwa muda mrefu, mbele na nyuma. Akasema siku mbili hizi alikuwa anaiogopa. Hata jana Nashipai alimwomba akaze skrubu ya taa, akakataa, akamwambia mimi si fundi, nitaiharibu.

Hilo ndilo lililonimaliza. Kazi angeweza kupata kwingine. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya mikono.

Nikaanza kulia, mtu mzima, nimeshika kibuyu cha maziwa ya watu. Nikamwomba msamaha. Hakujibu nimekusamehe, na sikutaka aseme upesi. Aliinuka akaenda mlangoni, akamwita Nashipai, ambaye alikuwa ametoka kuchukua kuni. Akaingia na kuni kwapani, akasimama, hajui kuna nini.

Lazaro akaniambia, "Rudia, fundi. Na huyu asikie."

Nilidhani mara ya kwanza ndiyo ngumu. Si kweli. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho huku akimpigapiga mtoto mgongoni, kisha akaweka kuni chini, akatoka nje. Nikamsikia analia nyuma ya nyumba, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Nimerudi nikisukuma baiskeli, sikuwa na nguvu ya kuipanda. Filta iko mezani hapa mbele yangu, bado inanuka oili. Mama Naeli ameingia sasa hivi, ameiona, ameuliza kama hicho ndicho kilichonukisha mfuko wa chakula tangu Ijumaa. Nimemwambia akae.

Kwa hiyo yeye ni wa tatu kusikia. Kesho saa moja kamili, kabla Lazaro hajafika kuchukua vitu vyake, Harnam atakuwa wa nne, na Bwana Coles wa tano. Sijui nitarudi na kazi au nitarudi na sanduku langu la spana. Na kila nikisema, naona kukiri hakuzoeleki.