Zamu ya Kushika Uzi

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali. Hujambo? Mama anakula vizuri? Bado anagonga kikombe kwa kijiko kila akitaka kitu? Mimi mzima, ila sabuni imenikausha viganja mpaka mistari imefutika.

Hapa hotelini hakuna jipya. Chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, hakina dirisha, na mvuke ni mwingi hivi kwamba msimamizi wetu namtambua kwa kikohozi. Bahari iko karibu, lakini mimi nilikuwa naijua kwa mchanga unaobaki kwenye taulo za wageni.

Sasa sikia. Jumapili mashine ziliharibika tukaachiwa mapema, nikaenda ufuoni. Nikamkuta mzee mmoja, fundi saa, anarusha tiara angani peke yake. Mtu mzima na mvi zake! Nikamcheka. Akanipa uzi nishike. Dada, ule uzi ulinivuta kama mtoto aliyeona duka la peremende. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivyo. Nilisahau pasi, nilisahau shuka, na Mungu anisamehe, nilimsahau hata Mama.

Najua miezi yangu sita inaisha mwezi huu, na makubaliano ni makubaliano: mmoja hapa, mmoja na Mama, kisha tunabadilishana. Msimamizi hajali ni nani kati yetu anapiga pasi, mradi shuka zimenyooka. Lakini nakuomba, niongezee mwezi mmoja tu. Upepo mzuri ndio kwanza umeanza.

Mdogo wako,
Chiriku

21 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nimezipokea. Kama kusimama kwa miguu miwili ndio uzima, basi mimi mzima. Mama yuko vilevile. Upande wa kulia haujasogea tangu apate kiharusi, na wa kushoto una nguvu za watu wawili.

Ati tiara! Mimi tangu uondoke sijafika hata mwisho wa mtaa. Nikimwacha na jirani, Mama anakaza meno, hali wala hanywi mpaka anione. Nyuzi za cherehani naagiza kwa kumpigia kelele muuza duka wa ng'ambo ya barabara, naye ananirushia dirishani. Juzi alinirushia rangi ya chungwa, nikashonea suruali nyeusi ya mwalimu hivyo hivyo, ningefanyaje? Wateja nawapima mlangoni. Kijiko kikilia namwacha mtu kanyoosha mikono, naenda kumgeuza Mama. Huyo mwalimu nilirudi nikamkuta bado kainyoosha, maskini, anaogopa kuharibu vipimo.

Zamu ni zamu, Chiriku. Lakini wewe uko huko na mimi niko huku, nitakuvuta kwa kamba? Mwezi mmoja, basi.

Dada yako

9 Mei

Chiriku,

Hujambo? Mwezi ulipita, huu mwingine unakwenda, na wewe kimya. Andika hata mstari nijue uko hai.

Nina jambo la kukwambia, ila usicheke. Nilitaka kukijua hicho kitu kilichokushika hivyo, nikashona tiara. Nilichukua kitambaa cha koti kilichobaki, nikaweka bitana, nikapiga mishono miwili pembeni, na pindo safi. Ungeweza kuivaa harusini. Nikatoka nayo uani, nikakimbia ua wote, yaani kutoka kwenye karo mpaka ukutani. Ikaanguka puu, kama taulo lililolowa. Nikakimbia tena, nikajigonga goti. Kijiko kikalia ndani.

Nililia, mdogo wangu, na sikulilia goti.

Dada yako

17 Mei

Dada yangu,

Pole na goti, pole na yote. Mama naye mpe pole zangu. Nisamehe kwa kimya changu. Kila nikishika kalamu aibu inanijaa, na ikinijaa nakimbilia ufuoni.

Ila umenichekesha mpaka kikohozi cha msimamizi kikaja mlangoni. Umeitia tiara bitana? Ilikuwa inasikia baridi? Tupa hilo koti. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki, njiti mbili za fagio na mkia wa vipande vya kitambaa. Na usikimbie. Huna haja ya kukimbia. Panda juu ya paa tunakoanika nguo, upe upepo mgongo, inua tiara, ngoja. Itaondoka yenyewe, kazi yako ni kuuachia uzi.

Nakuja, Dada. Safari hii kweli.

Mdogo wako,
Chiriku

30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, na leo nasema kwa moyo.

Imeruka! Niliinua, nikangoja, nikaona uzi unatoka mkononi. Kabla sijasema lolote kijiko kikalia. Nikauteremsha uzi mpaka dirishani kwa Mama, nikashuka mbio, nikampa aushikilie kwa mkono wake mzima nikimimina maji. Chiriku, Mama alicheka. Nusu ya mdomo, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kizima. Nilipotaka kuuchukua uzi akakaza ngumi. Jua likazama hajauachia.

Tangu siku hiyo kijiko hakililii maji tena, kinalilia tiara. Napanda kuirusha, nashuka kumpa uzi, napanda kuinasua kwenye waya za nguo, nashuka. Mimi mwenyewe sijaushika mpaka ukanivuta kama ulivyokuvuta. Hata mara moja.

Njoo. Zamani nilikuwa nakuita kwa hasira. Sasa nakuomba tu.

Dada yako

12 Novemba

Dada yangu,

Hujambo huko? Mvuke unaonaje? Tangu nifike ile Juni nikakukuta mlangoni na begi begani, hukungoja hata nivue viatu, umeandika mara moja tu, mistari mitatu, na mmoja ulikuwa wa kuuliza kama Mama anageuzwa.

Anageuzwa. Lakini chai yangu anaitema. Tiara uliyomwachia ilichanika, nikamtengenezea nyingine, akaisukuma chini ya kitanda. Anataka ya kwako. Jirani akimshika anakaza meno vilevile ulivyosema, nami nilidhani unatia chumvi. Wateja wako wamekimbia baada ya mimi kushona suruali yenye mguu mmoja mrefu. Jana nilimwita muuza duka anipe uzi mweusi, akanirushia wa chungwa, nikacheka peke yangu mpaka nikajiogopa. Sijui ulikaaje humu, Dada. Kweli sijui.

Zamu yako inaisha mwisho wa mwezi. Nimemwambia Mama unakuja, na ameanza kuangalia mlango. Usikawie.

Mdogo wako,
Chiriku

5 Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Mama hajambo? Wewe je, unalala?

Mimi mzima. Ni mvuke na pasi, na kile kikohozi ulichoniambia nikikisikia niongeze kasi. Miezi yote hii sikwenda ufuoni. Siku za mapumziko nilikaa kitandani nasikiliza kama kijiko kinalia. Jumapili iliyopita fundi saa akaja mwenyewe kuniulizia getini, akasema nina sura yako. Akanipeleka. Akanipa uzi.

Ukanivuta, Chiriku. Nikasimama nao, nikawa nangoja niitwe. Upepo ulivuma, jua likashuka, na hakuna aliyeniita. Nilicheka kwa sauti nisiyoitambua, kisha nikalia hadharani na fundi saa akajifanya anatazama ndege.

Jana nilitoa begi. Liko wazi kitandani, nimetia viatu tu. Najua Mama anaangalia mlango. Najua barua hii utaisoma umesimama dirishani, na jina utakaloniita nalijua, maana ndilo nililokuita mimi ulipoandika ya Machi.

Niongezee mwezi mmoja tu.

Dada yako