Siku ya Meza Nabaki Nimekaa

11 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu. Mimi ni mzima, ila mgongo tu, na mgongo wa fundi vioo haujawahi kuwa mzima.

Kazi ipo. Kioo hukatwa kwa mstari mmoja. Ukiurudia, kinapasukia kinakotaka chenyewe. Kwa hiyo tajiri hututazama mikono kila asubuhi. Yangu haitetemeki tena. Tangu nilipoacha pombe huko nyumbani sijaigusa, ingawa baa iko mlango wa pili kutoka karakana, na wenzangu wakitoka kazini huingia humo kama kuku bandani. Mimi narudi chumbani, napika, nakula nikitazamana na ukuta. Ukuta mzuri, hauna maneno mengi.

Upweke, dada, ndio unaonishinda. Kanisani nakaa benchi la nyuma na hakuna anayenijua. Jumapili ya kwanza ya mwezi, huku kama huko, ni Meza ya Bwana. Wote wanakwenda mbele, mimi nabaki nimekaa. Naogopa kile kikombe. Sababu unaijua, wewe uliyenilea. Niombee.

Kitindamimba wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa lakini anakula, na uzee wa kanisa bado anaubeba kama gunia la chumvi.

Barua yako imeninyima usingizi. Unaogopa kikombe? Nimejua mara moja: kuna mwanamke wa watu hapo. Usinifiche, mimi si wa kufichwa. Mtu hakai Siku ya Meza ila ana jambo limemkaa moyoni. Muache huyo, utubu, kisha uende mbele kama wenzako. Mungu hana kinyongo kama sisi.

Mama alipokuacha mikononi mwangu nilimwahidi kwamba hutapotea, basi usinifanye mwongo mbele ya marehemu. Siku ya Meza ijayo, simama. Ni amri, si ombi.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Huku sote wazima, ila mimi sina raha. Siku ya Meza ilipita na barua haikuja, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama nilikuudhi kwa habari ya mwanamke, nimekosa. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Salamu kwenu nyote. Mwilini mimi ni mzima.

Hakuna mwanamke. Ningempata wapi, nami nanuka gundi ya madirisha? Dada, huko nyumbani kikombe unakijaza wewe mwenyewe. Unachemsha zabibu kavu, unachuja, unapoza. Huku ni divai. Divai kabisa, na ukali wake. Nilidhani nilikwambia, kumbe sikukwambia.

Uliniamuru nisimame, nikasimama. Mkate nikala. Mzee wa kanisa alipoleta kikombe, harufu ikanipanda kichwani na mate yakanijaa mdomoni. Nilikishika, dada. Nilikitaka kuliko nilivyomtaka Mungu, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nikamrudishia bila kunywa. Akaninong'oneza, "Kunywa, ndugu." Nikatikisa kichwa. Watu wakageuka kunitazama. Nikatoka kabla ya baraka.

Nilikwenda moja kwa moja hadi baa. Nikasimama mlangoni nikijiambia, wale hawakujui, hawa watakuvutia kiti. Nikaomba, na wala haikuwa sala ya maana: "Bwana, nishike, mimi siwezi." Nikarudi chumbani nikalia kama mtoto. Sikunywa.

Lakini sijarudi kanisani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimechoka kuwa peke yangu katika jambo hili, na sijui kama anayebaki amekaa naye anahesabiwa.

Kitindamimba wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Bwana akulinde popote barua hii itakapokukuta. Sisi tu wazima.

Nilisoma maneno yako nikiwa jikoni, nikakaa chini sakafuni. Ni mimi niliyekusukuma kinywani mwa simba kwa amri zangu. Nisamehe. Nilidhani dunia nzima inachemshiwa zabibu na mimi.

Sina la kukufundisha. Umeshika divai mkononi ukairudisha. Mimi sijawahi kukataa hata kipande cha pili cha nyama. Rudi kanisani. Mwambie mchungaji ukweli. Akielewa, vyema. Asipoelewa, keti tu, Bwana anakujua.

Jana ilikuwa Siku ya Meza. Nilichemsha, nikachuja, nikapanga vikombe. Watu walipoinuka, nikabaki nimekaa. Shemeji yako akanivuta mkono, mke wa mchungaji akanikodolea macho. Tayari wananong'ona kwamba mke wa mzee wa kanisa ana dhambi kubwa. Penye wengi pana mengi. Benchi zima lilikuwa tupu, mimi peke yangu, nikaonja upweke wako. Ni mchungu, mdogo wangu. Sikujua.

Basi nimeamua. Hadi siku utakayoweza kwenda mbele, au hadi Bwana atakapotuita sote kwenye meza yake mwenyewe, mimi sitainuka. Jumapili ukikaa, jua tumekaa wawili.

Dada yako