Pete ya Keki ya Halowini

Sorcha mwanangu,

Kitendawili! Nyumba haina paa wala ukuta, na mpangaji wake ni kidole kimoja. Ndiyo, pete. Naogopa sasa iko tumboni mwa mwanao Tadhg.

Tunakwenda hospitali, jirani Colm anatupeleka. Dada yake Muireann nimemwacha kwa mke wa Colm, maana alikuwa anamtisha mdogo wake: "Leo watakupasua tumbo kama boga!"

~~Zima jiko~~ Nimeshazima.

Asubuhi tulikanda keki ya zabibu, wanao wakatia pete kama kila mwaka, atakayeipata afunge ndoa kabla ya Halowini nyingine. Keki ilipoiva nikatoka kuchuma matufaha ya mchezo wa kung'ata yakielea kwenye beseni la maji. Kurudi, Tadhg kajimegea pande la moto, anakohoa, macho yamemtoka. Keki yote nimeivuruga, pete hamna. Naandika mbiombio, samehe mwandiko.

"We mume wangu, umemeza pete?"

"Panauma hapa?" Kabana midomo, ananitazama tu.

Karanga ziko juu ya kabati, ziache hukohuko, mtoto asizifikie. Ukija hospitali endesha polepole.

Colm anapiga honi. Nimemwambia Tadhg kwamba daktari ana mashine ya kuona mpaka ndani ya tumbo. Hapo ndipo kaangua kilio, akanijibu:

"Sijaimeza, Bibi. Niliitoa kabla hatujaoka, iko kwenye soksi yangu. Mwaka jana Shangazi Aoife aliipata, akaolewa, akahama. Mama asiipate."

Mama yako, Bibi yao