Amejitahidi Sana

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa watoto wetu, ambao hunivunja mbavu kila ninapowasikia kwenye simu. Hali yako ikoje? Kifua kimepoa, au bado unachomelea mageti bila kufunika pua na kumwambia mkeo kwamba moshi umeshakuzoea? Na mama je? Goti lake linamruhusu kutembea hadi barazani, au bado anatoa amri akiwa kitini? Mwambie ujumbe wake nimeupata, kwamba nimekonda kwenye picha. Sijakonda. Picha ilipigwa kwa ubavu.

Mimi ni mzima, tena nina furaha ambayo sijaionja kazini kwa miaka mingi. Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati simu ipo. Ni kwamba kwenye simu ningeingia mitini; ningesema mtandao unasumbua, nikakata. Nina neno la zamani la kukuambia, linakuhusu wewe, na nimeliweka mwisho kwa sababu naliogopa. Nawe usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua. Soma kwa mpangilio, maana bila habari za shuleni hutaelewa kwa nini nalitoa sasa hivi.

Unajua kwamba nafundisha hisabati kwenye shule ya wavulana watupu. Wananiita Kalamu Nyekundu na wanadhani sijui. Mwanzoni mwa mwaka mkuu wa shule alituita kikaoni akasema amechoka kuongoza shule inayojua kuadhibu tu. Alitaka wanaobaki nyuma wasaidiwe asubuhi kabla ya kengele, wote wapate kitu cha kufanya mchana zaidi ya masomo, na anayefanya vizuri aambiwe, tena mbele ya watu. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema tangu lini mtu akapewa zawadi kwa kunawa uso? Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema kwa kuwa nina mawazo mengi juu ya jambo hili, basi nilisimamie. Wenzangu wakapiga makofi. Nilijichongea mwenyewe.

Tukasafisha stoo iliyo nyuma ya maktaba, tukatoa ramani zilizoliwa na mende na viti vya miguu mitatu, tukaweka meza nne na ubao. Ndicho chumba cha msaada. Kila asubuhi vijana wa kidato cha nne huwaelekeza wadogo zao, nami nikiwa kona yangu nasahihisha madaftari na kujifanya sisikii. Nisikufiche, wanaeleza vizuri kuliko mimi. Mmoja alifundisha sehemu kwa kugawa andazi lake, akabaki bila andazi ila darasa zima likaelewa. Mchana tuna klabu: useremala, gazeti la ukutani, kutengeneza redio mbovu, mijadala. Kwenye klabu ya redio mpaka sasa imepona redio moja, nayo inapata stesheni moja tu, lakini wanaisikiliza kama vile wameizaa.

Halafu zikaja kadi. Mwalimu akimwona kijana amefanya jambo jema, humwandikia kadi ndogo yenye neno "Nimekuona" na jambo lenyewe. Wiki ya kwanza ilikuwa vituko. Hatukuweza kupita mlangoni bila vijana sita kugombania kutushikia mlango. Mwalimu wa kemia aliomba kiti, vikaja tisa. Nikatangaza kwamba anayefanya jema huku akinitazama usoni hapati kitu, zogo likaisha. Wavulana wakubwa walisema kadi ni mambo ya kitoto. Siku tulipokagua sare, niliwaambia watoe vitu mifukoni, nikaziona kadi zimekunjwa taratibu kwenye mifuko ya mashati yao, hata za miezi miwili nyuma. Nilijifanya sikuziona.

Sasa nikueleze habari ya kijana mmoja wa darasa langu, kidato cha pili. Wenzake wanamwita Wakili. Jina hilo alilipata kwa sababu hajawahi kukosa utetezi: kazi ya nyumbani hakufanya, lakini maelezo ya kwa nini hakufanya yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe. Aliwatetea na wengine, hata wasioomba. Baba yake ni kinyozi, ana duka dogo karibu na kituo cha basi. Muhula wa kwanza Wakili alikuwa wa arobaini kati ya arobaini na watatu.

Mwisho wa muhula ule nilikaa chumba cha walimu kuandika ripoti zote arobaini na tatu. Unajua ilivyo, kila ripoti ina mstari mmoja wa maoni ya mwalimu wa darasa. Ukishafika ya thelathini mkono unaenda wenyewe. Aliyefanya kazi namwandikia "Amejitahidi sana." Mzembe namwandikia "Ajitahidi sana." Mwalimu wa kemia alikuwa anatusimulia jinsi alivyouziwa kuku mgonjwa, tukicheka hadi machozi, nami huku naandika. Ripoti zikatiwa kwenye bahasha, wavulana wakaenda likizo.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, wa kwanza kwenye chumba cha msaada alikuwa Wakili. Nikadhani amepotea njia. Kesho yake akaja tena, na wiki nzima, na mwezi. Alikaa na kijana wa kidato cha nne, akauliza maswali hadi yule mwenzake akaomba kupumzishwa. Akajiunga na mijadala, nayo nadhani alizaliwa kwa ajili yake. Kazi za nyumbani zikaanza kuletwa, kwanza zimekosewa zote, kisha nusu, kisha chache. Nikamwandikia kadi. Aliipokea kwa adabu, akaniangalia kama mtu anayetaka kusema neno, akaghairi.

Siku moja mwalimu wa kemia alirudi kutoka kunyolewa, akaniambia amesoma mwandiko wangu ukutani. Sikumwelewa. Jumamosi nikapitia pale dukani. Kwa kinyozi pana kioo kikubwa, benchi la wateja, na juu ya kioo, kwenye fremu ya mbao yenye kioo chake, palikuwa na ripoti ya Wakili. Baba mtu aliponitambua aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema watoto wake watatu wamepita shule, na huyu ndiye wa kwanza kuletewa neno zuri, na kwamba kila mteja anayeketi pale lazima asome kabla hajaguswa na mashine. Nikainua macho. Mwandiko ulikuwa wangu. Pale nilipokusudia kuandika "Ajitahidi sana," nilikuwa nimeandika "Amejitahidi sana."

Mdogo wangu, nilikosa pa kuweka uso. Silabi moja, tena niliiandika nikicheka kuku wa watu. Nikanywa maji niliyoletewa, nikaaga, nikaenda zangu nikiwa nimefunga mdomo.

Mwisho wa mwaka Wakili alikuwa wa kumi na saba. Kamati ikamchagua kupewa tuzo ya aliyepiga hatua kubwa kuliko wote, na mimi nikaambiwa nimkabidhi na niwaeleze wazazi jinsi nilivyoona mapema kilichomo ndani yake. Hapo ndipo nilipobanwa. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote. Alicheka hadi akalaza kichwa mezani, kisha akasema mitihani kijana aliifanya mwenyewe, kalamu yangu haikumshikia mkono, tuzo ni yake. Hilo nililikubali. Lakini sikuweza kusimama mbele ya baba yake na kujisifu kwa jicho nisilokuwa nalo. Na nikimwambia kijana ukweli, je, hatavunjika moyo? Siku mbili niliahirisha kumwita.

Siku ya tatu nilimbakiza kwenye chumba cha msaada wenzake walipokwenda mstarini. Nikamwambia bila kuzunguka: ile ripoti nilikosea, nilitaka kuandika vingine. Alinyamaza. Mtoto yule kunyamaza ni habari ya gazeti. Kisha akaniambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza kwamba neno lile si lake, kwa sababu muhula ule kitabu cha jometri alikifungua mara moja tu, kuwachorea masharubu watu wa kwenye picha za ndani. Ila alidhani nimemsitiri kwa makusudi ili asipigiwe kelele nyumbani. Akaona aibu. Na baba yake alipotundika ile karatasi, kila akienda dukani wateja walimpongeza, na wateja wa baba yake ni wengi. Akasema ilibidi ajitahidi tu, maana hakutaka mwalimu aonekane mwongo mbele ya watu wote wale. Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Akanyoosha kola yake, akajibu kwamba mtu akipewa hukumu nzuri hakati rufaa.

Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja, na yeye akatazama dirishani kwa heshima hadi nikamaliza. Akaniuliza kama leo ningeandika nini. Nikamwambia leo ningeandika neno lile lile, bila kukosea. Akaridhika.

Siku ya tuzo, kwa ruhusa yake, niliwasimulia wazazi kisa chote kama kilivyo. Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakatikisika. Baba yake alisimama, akasema yeye alishangaa tangu mwanzo, kwa kuwa mwanawe anamjua, lakini nani angebishana na mwalimu? Kijana akapewa kamusi na seti ya vifaa vya hisabati. Nilipomshika mkono nilihisi mwenyewe nimepewa kitu.

Basi, mdogo wangu, tumefika.

Pale pale jukwaani, watu wakiwa bado wanacheka, ulinijia wewe. Nilikuona ukiwa darasa la nne, umekaa kwenye kigoda jikoni, umebana mikono katikati ya magoti. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mama aliahidi kwamba atakayesifiwa na mwalimu wake mwaka ule atanunuliwa viatu vipya, kwa kuwa uwezo ulikuwa wa jozi moja tu. Mama hajui kusoma, nami ndiye niliyekuwa macho yake. Bahasha zote mbili nilizifungua mimi. Yangu iliandikwa "Ajitahidi sana." Yako iliandikwa "Amejitahidi sana."

Nilisoma kinyume. Niliitoa ile silabi kwako nikaibandika kwangu, tena kwa sauti kavu, bila kusita. Wewe ulitoka nje kabla sijamaliza, ukaenda nyuma ya nyumba. Mama hakukugombeza, alisema tu kwa upole kwamba mwakani utapata. Kesho yake ripoti yako niliitia motoni, nikasema imepotea. Nilivaa viatu vile mwaka mzima. Wewe ulitembea na vya zamani, kidole gumba kikiwa nje.

Huyo wa jukwaani silabi aliipata kwa bahati, akainuka nayo. Wewe uliitolea jasho, nami nikakunyang'anya. Sisemi ndiyo sababu uliacha shule kidato cha pili. Pia siwezi kusema siyo. Siku ya harusi yako uliwaambia wageni kwamba dada ndiye aliyepewa kichwa, wewe ukapewa mikono, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Najua una maisha mazuri, mageti yako yanajulikana mtaa kwa mtaa, na sikuandikii kwa kukuonea huruma. Nakuandikia kwa sababu kuna sifa yako nimekaa nayo miaka thelathini na moja. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuonea, na nilijua ninachofanya.

Nisalimie wifi na umwambie aendelee kukufukuza na ile barakoa mpaka uivae. Wabusu watoto, mkubwa mwambie shangazi anangoja barua yake, hata yenye makosa. Msalimie mama kwa salamu za pekee. Najua ataketi karibu nawe na kukuomba umsomee barua hii, na najua moyo wako: ukifika kwenye viatu utakohoa, utaruka mistari, utanitengenezea maneno mazuri ili nisiaibike. Nakuomba usiniokoe. Msomee kama nilivyoandika, silabi kwa silabi, na ukifika pale pa ripoti yako, ongeza sauti.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa nasoma barua za nyumbani